Viatu vya Mtihani

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Alhamisi, 29 Agosti 2024

Mwanangu Najma,

Salamu nyingi. Matroni wenu ameshaniambia simu yake ni ya dharura tu. Na Jumapili ile alipotupa dakika mbili, ya kwanza ulilia wewe, ya pili nikalia mimi, tukakata bila kuambiana kitu. Afadhali barua. Hii ameichukua Mzee Kasmir, yule Mchaga mwenye duka la mabomba hapo kona. Kila baada ya wiki mbili anamtumia Matilda wake mzigo kwa basi, na Matilda yuko bweni moja na wewe. Ukijibu, mpe Matilda.

Leo ni wiki nne tangu baba yako atutoke. Katika eda yangu zimebaki siku mia moja kamili. Msimamizi ni shangazi yako Mwanamkuu, amehamia chumba cha uani na begi lake na kiti chake, maana anasema viti vyetu vinamuumiza mgongo. Gauni jeupe, mtandio mweupe, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kutoka, hakuna kusemeshana na mwanamume asiye ndugu. Juzi alininusa kichwa akidhani nimepaka mafuta ya asmini. Ilikuwa sabuni ya kufulia. Nilitaka kucheka nikakumbuka mjane hacheki, nikacheka kimoyomoyo.

Nakaa dirishani. Pazia halifiki chini, kwa hiyo watu siwaoni, naona miguu. Kariakoo nzima inapita mbele yangu ikiwa viatu tu. Baba yako angekaa hapa angenitajia kila jozi imetoka balo gani la mitumba na mezani kwake Mchikichini ingeuzwa bei gani. Hapo ndipo ninapolia, sikufichi.

Azma kubwa zimenishinda, nimejiwekea ndogo. Kila siku nisome kurasa mbili, ziwe za chochote. Na kabla sijalala nimshukuru mtu mmoja kwa jina. Jana nilimshukuru baba yako, leo zamu yako, kwa kurudi shule siku ya nne baada ya maziko wakati kila mtu anasema ubaki. Hukubaki. Nilikuona unavyokaza viatu mlangoni nikasema huyu wangu.

Kuna jambo nitakueleza, lakini si sasa. Soma.

Mama yako,
Zulekha


Kariakoo
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Kwa mwana wa mdogo wangu, Najma binti Ismail,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, za chuoni, nilizokufundisha mwenyewe ukiwa na miaka sita, ili huyo matroni wenu anayefungua barua za watu asiambulie kitu. Mimi za shule sikufundishwa, na hizi zinanitosha.

Mimi si mtu wa maneno. Lakini baba yako alikuwa mdogo wangu wa pekee na heshima yake iko mikononi mwangu. Mama yako, ndani ya eda, ana mwanamume anayekuja dirishani. Kila Alhamisi baada ya laasiri. Ni yule mwenye mabomba, Kasmir. Hasemi kitu. Anatundika mfuko wa mkate kwenye nondo za dirisha, anagonga mara mbili, anaondoka. Mama yako anauingiza ndani. Nimeushika ule mfuko, Najma. Hakuna mkate. Kuna makaratasi.

Nimemuuliza. Amenijibu kwamba si jambo la aibu, na kwamba atanieleza. Jambo lisilo la aibu halitundikwi dirishani.

Na kabla baba yako hajafa, jioni tatu kwa wiki mama yako alikuwa anatoka, anasema anakwenda kikoba. Nimemuuliza mwenyekiti wa kikoba. Kikoba chao kinakutana mara moja kwa mwezi.

Wewe ndiye mwanawe. Mwandikie. Mimi ananiahidi tu.

Shangazi yako,
Mwanamkuu binti Seifu


Bwenini
Jumamosi, 28 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu bado wewe ni mama yangu.

Shangazi ameniandikia. Ninajua habari ya Mzee Kasmir na mfuko wa mkate. Ninajua pia kwamba huo mkutano wa kikoba mara tatu kwa wiki haukuwepo. Baba alikuwa hai, Mama! Alikuwa anarudi sokoni amechoka, anakaa peke yake, na wewe unasema kikoba.

Unajua barua hii inafikaje kwako? Nampa Matilda, naye anampa baba yake. Ninampa binti wa mtu huyo barua ya kumshtaki baba yake, aifunge vizuri na karatasi za kufungia peremende. Nimekaa naye meza moja leo, amenigawia karanga alizotumiwa na baba yake. Nilizila zote, nikamwambia asante.

Angekuwa mtu mwingine ningesema hajui. Lakini wewe umesoma. Wewe ndiye uliyemaliza kidato cha nne kwa daraja la pili, ukakosa nafasi, na vyeti vyako vikachukuliwa na maji mafuriko yalipoingia kwa bibi kule Jangwani. Nimewasimulia watu hiyo habari tangu darasa la tatu. Nikichoka huku najiambia mama yangu alisoma kwa taa ya kibatari akapata daraja la pili, mimi nina umeme. Shangazi hakwenda shule, lakini amekaa eda mbili na hakuna aliyewahi kumtundikia mfuko.

Baba ana siku hamsini na nane tu kaburini. Nimezihesabu.

Usiniandikie tena habari za azma ndogo ndogo. Nieleze moja tu, hayo makaratasi ni nini.

Najma


Mtaa wa Narung'ombe
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Umeandika kwa hasira na nimesoma kwa hasira, sasa tuko sawa. Ningekuwa karibu ningekuzaba kofi, halafu ningekukumbatia.

Hayo makaratasi ni Jiografia. Wiki iliyopita yalikuwa Jiografia na Uraia. Wiki ya kabla ilikuwa Hisabati, sura ya milinganyo, na mpaka leo sijaielewa. Mzee Kasmir ni mwanafunzi mwenzangu. Yeye ana miaka hamsini na mbili na anakaa dawati la mbele kwa sababu macho yake mabovu. Tunasoma kwa Mwalimu Severine, kituo cha masomo ya jioni, ghorofa ya pili juu ya maduka ya vitenge, jioni tatu kwa wiki. Ndicho hicho kikoba. Tangu niingie eda siendi, kwa hiyo Kasmir ananinakilia anachoandika Mwalimu ubaoni. Mjane hasemeshwi na mwanamume, ndiyo maana anagonga na kuondoka. Sijawahi kumwambia hata asante. Nimemshukuru mara nne katika shukrani zangu za kila siku, na yeye hajui. Matilda naye hajui kwamba baba yake ni mwanafunzi, anamwona mfanyabiashara mkubwa, basi mfichie mzee wa watu.

Sasa lile lenyewe. Vaa moyo.

Sikumaliza kidato cha nne, Najma. Niliishia cha pili. Hakuna daraja la pili, hakuna vyeti, na maji ya Jangwani hayakuchukua chochote changu ila godoro. Bibi yako alipopooza alihitajika mtu wa kumgeuza kitandani. Wajomba zako walikuwa shule. Mimi pia nilikuwa shule. Nikatolewa mimi. Hakuna aliyeuliza nani ana akili zaidi, na mimi nilikuwa wa tatu darasani. Niliikunja sketi ya shule nikaiweka chini ya godoro, nikasema narudi muhula ujao. Muhula ujao umechukua miaka ishirini na miwili.

Kwa nini nilikudanganya? Ulikuwa darasa la tatu, ukaniuliza mama umefika wapi, na ulikuwa unanitazama vile watoto wanavyotazama. Nikaona aibu. Nikatunga uongo mdogo, ukakua nao, ukawa mkubwa kuliko wewe. Naomba msamaha kwa hilo. Kwa hilo tu. Kwa mengine siombi.

Baba yako alijua. Ndiye aliyeniandikisha, kwa mkono wake, akanicheka nilivyoogopa. Jioni zile hakukaa peke yake, mwanangu. Alikuwa ananisindikiza mpaka ngazi za Mwalimu Severine, anakaa kwenye benchi la muuza kahawa mpaka tutoke, tunarudi wote. Alikuwa ananiita "mwanafunzi." Tulipanga tukuambie nikishafaulu. Mwezi wa Juni lilifunguliwa balo la viatu vya shule, akachagua jozi moja nyeusi, namba thelathini na tisa, soli nzima, akakataa kuiuza. Akaniambia hivi ndivyo utakavyovaa siku ya mtihani.

Mtihani wenyewe ni ule wa Maarifa, wanauita QT. Ukifaulu ndipo unaruhusiwa kufanya wa kidato cha nne. Unaanza Jumatatu tarehe 11 Novemba, kwenye shule moja ya sekondari huku Ilala. Eda yangu inaisha tarehe 7 Desemba. Umeona mambo.

Nilimwita Ustadhati Swaumu, yule aliyekufundisha juzuu. Alisema mjane akiwa na haja anaweza kutoka mchana, mradi usiku alale nyumbani kwake. Shangazi yako alikuwa amekaa palepale. Akasema, "Haja ni hospitali. Haja ni chakula. Mtihani wa mwanamke wa miaka arobaini si haja, ni kiburi." Ustadhati akasema haja ya mtu anaijua mwenyewe na Mola wake. Shangazi akamsindikiza mlangoni kwa adabu na hajamkaribisha tena.

Mimi nitakwenda. Nilishatolewa darasani mara moja nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na saba. Sasa nina thelathini na tisa na nusu, hiyo arobaini ni ya shangazi yako. Sitatolewa mara ya pili.

Ukitaka kunichukia, nichukie kwa jambo la kweli. Umeshalijua.

Mama yako,
Zulekha, kidato cha pili


Mtaa wa Narung'ombe
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Najma,

Wiki tatu hujajibu. Mzigo wa Matilda umekwenda na kurudi bila barua. Kasmir amegonga dirisha Alhamisi zote tatu, nikafungua mfuko, Historia tupu. Nilijisikia vibaya mpaka nikaichukia Historia.

Sikulazimishi. Nakupa habari tu.

Shangazi yako amechukua viatu. Alisema anakusanya mapambo yote ya mjane, ayaweke kwake mpaka eda iishe, ndivyo inavyofanywa. Akabeba hereni zangu, vitenge, mabaibui, mikoba, viatu vyote. Nilimwambia wifi, hivi vyeusi si pambo, ni viatu vya shule. Akavitazama. Akauliza, "Ismail alikuchagulia?" Nikasema ndiyo. Nilidhani ataviacha. Akaviweka juu kabisa ya mzigo, akatoka navyo. Nimebaki na ndala za bafuni, za bluu, moja mkanda umeungwa na waya.

Hatugombani. Ananipikia uji, ananiwekea limau kama ninavyopenda, na hatuongei. Usiku nasikia anaomba dua kwa sauti ili nisikie. Anamwombea marehemu mke mwenye kusikia. Na mimi naitikia amina, kwa nguvu, naye asikie.

Kurasa mbili kwa siku zimekuwa kumi. Nasoma Biolojia nikiwa nachagua mchele. Kuna mfupa wa sikio mdogo kuliko punje ya mchele, ulijua? Wewe ulijua. Ulikuwa unajua vitu hivi vyote, mimi nakutikisia kichwa kana kwamba na mimi najua.

Zimebaki siku kumi na tano.

Mama


Bwenini
Jumapili, 3 Novemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa herufi zako. Mkono wangu umeharibika, nisamehe irabu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikikosea ulikuwa unanigonga kidole kwa kijiti, nikipatia unanipa kashata. Kwa hiyo haya nisemayo siyasemi kwa kukudharau, maana kila ninachokijua kimeanzia kwenye mkeka wako.

Shangazi, tumekosea. Wewe ulikosea ulipoona mfuko na mimi nikakosea zaidi, nikamwandikia Mama maneno ambayo kila nikiyakumbuka nataka kuingia chini ya kitanda. Mle mlikuwa na Jiografia. Baba alikuwa anajua. Hata mwenye mfuko baba alikuwa anamjua, walikuwa wanakutana pale chini ya ngazi.

Nimekaa wiki nne nikimkasirikia Mama, si kwa mfuko tena, kwa kunidanganya kuhusu shule. Nimewaambia watu uongo wake miaka kumi na moja. Halafu juzi mwalimu wa zamu alimtoa mwenzetu darasani kwa sababu sare yake imechakaa. Akasimama nje mlangoni, anasikiliza somo kupitia dirisha. Nikamwona Mama.

Shangazi, mrudishie viatu. Baba alivichagua. Ukikataa sitakuombea mabaya, nitaendelea kukuamkia na kukubusu mkono. Lakini nitajua, na wewe utajua kwamba najua.

Kwa Mama sijaandika bado. Nikianza nashindwa sentensi ya kwanza.

Mwanao,
Najma


Mtaa wa Narung'ombe
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Mwanangu Najma,

Sijui kama unazisoma. Naandika hivyo hivyo, nimeshazoea kuwaandikia wasahihishaji ambao sitaona nyuso zao.

Jumatatu niliamka alfajiri, nikaswali, nikala kiporo cha muhogo. Mabaibui yangu yako kwa shangazi yako, basi nikatoka kama nilivyo, gauni jeupe la eda, mtandio mweupe, ndala za bafuni. Kitambulisho cha mtihani na kalamu mbili nimeviweka kwenye mfuko wa mkate. Nikasema siku hii usifichwe tena.

Shangazi yako alikuwa amekaa barazani na kiti chake, katikati ya mlango. Akaniambia kwa sauti ya chini, maana majirani walikuwa wanafagia, "Zulekha, ukivuka hapa, siku ya kutoka eda mimi sikuogeshi. Utafute wa kukuogesha." Unajua maana yake. Kwetu mjane haogi mwenyewe siku ile. Asiyekuwa na wa kumwogesha hana watu.

Nikasema, "Nimesikia, wifi. Naomba njia." Hakusogea. Nikakunja gauni nikapita ubavuni, goti langu likagusa bega lake. Nikavuka.

Mwanangu, kwa siku mia na mbili nilikuwa nikiona miguu ya watu. Siku hiyo watu wakaiona yangu. Nyeupe ile kila mtu Kariakoo anaijua. Wapiga debe wa nguo wakapunguza sauti. Mama mmoja akasema "Innalillahi, huyu anakimbilia wapi?" Mwingine akamjibu, "Labda kachanganyikiwa." Nikageuka nikawaambia, "Mtihani." Sikuongeza.

Mchikichini nilipita mbele ya meza ya baba yako. Imechukuliwa na Haruna, jirani yake, lakini lile boksi la baba yako la kukalia bado lipo, hajalikalia mtu. Haruna aliponiona akatupa chini alichoshika. Akainama, akaokota jozi ya kike, kahawia, akanisogezea bila kunitazama usoni. Nikamwambia ahsante kaka, viatu ninavyo, viko kwa wifi yangu. Nilipofika mbele nikajilaumu kwa jeuri yangu, maana waya wa ndala ulikuwa unanichoma. Lakini ningevaa vile, Najma, ningekuwa nimekubali kwamba vyangu vimepotea.

Mlangoni msimamizi wa mtihani alitazama kitambulisho, akatazama miguu. "Mama, umekuja na ndala?" Nikasema, "Naandika kwa mkono, mwanangu." Akanipisha.

Uraia niliandika mpaka kidole kikafa ganzi. Walituuliza haki za raia, nikajaza ukurasa wote nikaomba mwingine. Kiswahili nilifurahi. Hisabati ya Jumanne ilinipiga. Milinganyo ilikuwepo, mitatu, na nilikaa nayo nikiitazama inavyonitazama. Nimeacha nafasi nyingi wazi. Sikutoka mapema. Nilikaa mpaka kengele, kwa sababu kiti kile kilikuwa changu mpaka saa yake iishe.

Kila jioni nimerudi kabla ya magharibi. Uji ulikuwa mezani, umefunikwa. Na limau.

Leo nimejishukuru mimi mwenyewe. Sijui kama inaruhusiwa.

Mama


Bwenini
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii ni karatasi ya tisa. Nane nimechana.

Nilikasirika kwa sababu ulinidanganya, na hasira hiyo bado ninayo kidogo, sitaki kukudanganya na mimi. Nimewatafuta wote niliowahi kuwasimulia habari ya daraja la pili. Matilda nilianza naye. Nikamwambia mama yangu aliishia kidato cha pili, alitolewa akauguze, na wiki mbili zilizopita amefanya mtihani akiwa ndani ya eda amevaa ndala. Matilda akanitazama, akasema, "Na baba yangu je? Kwenye mizigo yake siku hizi natumiwa karatasi zimeandikwa nyuma milinganyo, nikadhani ni hesabu za mabomba." Basi nikashindwa kumficha mzee wa watu. Tulicheka mpaka matroni akaja.

Wote niliowaambia, hakuna aliyekucheka. Mmoja aliomba jina la kituo cha Mwalimu Severine, anataka kumpelekea dada yake.

Ulisema asiye na wa kumwogesha hana watu. Tunafunga shule Ijumaa tarehe 6. Nitapanda basi la kwanza, nitalala nyumbani, na Jumamosi asubuhi nitakuogesha mimi. Sijui inavyofanywa. Nitamuuliza shangazi na asiponijibu nitakumiminia maji tu, ndoo baada ya ndoo, mpaka yaishe Ilala nzima. Hutakosa mtu wakati mimi nipo.

Milinganyo nitakufundisha Desemba. Nitatumia kijiti na kashata.

Mwanao,
Najma


Kariakoo
Jumamosi, 30 Novemba 2024

Najma,

Waalaykum salaam. Umeniuliza nami nakujibu, kwa sababu jambo likifanywa lifanywe sawasawa.

Maji yawe vuguvugu. Uanze bega la kulia, kisha la kushoto, kisha kichwa. Usimmwagie usoni. Yeye akae kwenye kigoda, asisimame. Ukimaliza, nguo za eda zisirudi mwilini, zitolewe sadaka siku hiyohiyo. Mvishe nguo mpya, mfukize udi, ndipo wageni waingie. Akilia mwache alie. Usipige vigelegele, wewe ni mtoto wa marehemu.

Mimi nilisema sitamwogesha na neno langu halirudi nyuma.

Umeniandikia kwamba tumekosea. Mfuko, sawa, nilikosea, na nimemwamkia yule Kasmir barazani mbele za watu ili wote wajue. Eda, hapana. Mimi nilikaa mbili. Ya pili nilikuwa na miaka thelathini, nina genge langu la chakula pale mtaa wa Gerezani, linajulikana, watu wanatoka Magogoni kufuata bokoboko langu. Nilikaa ndani siku zote mia na ishirini na nane. Nilipotoka genge lilikuwa la mtu mwingine. Sikuwahi kulirudisha. Sikumwuliza mtu kama naweza kutoka mchana, na hakuna aliyekuja kuniambia. Sasa anakuja Swaumu, niliyemwona anazaliwa, ananiambia ilikuwa inaruhusiwa. Nifanye nini na hilo, Najma, katika umri huu?

Viatu viko juu ya kabati langu. Nimevijaza magazeti ndani visikunjike. Asubuhi ile njoo uvichukue. Usifikirie zaidi ya hapo.

Shangazi yako,
Mwanamkuu


Mtaa wa Narung'ombe
Jumapili, 26 Januari 2025

Mwanangu Najma,

Matokeo yametoka. Sikufaulu.

Nimeliandika la kwanza ili usiruke mistari kulitafuta. Kasmir amefaulu, amenunua soda kreti nzima kwa kituo na amemtumia Matilda keki, utaionja. Mimi Hisabati imeniangusha, na Kiingereza kikaisaidia kuniangusha. Nililia siku moja, Alhamisi, kuanzia adhuhuri mpaka laasiri. Baada ya hapo kulikuwa na vyombo vya kuosha.

Shangazi yako alisikia kwa majirani, maana huku habari haisubiri mwenyewe aseme. Akaja chumbani, akasimama mlangoni. "Kwa hiyo ulivuka bure," akasema. Nikamwambia, "Sikuvuka bure, wifi. Sasa naijua njia." Akakaa. Alikaa kwenye viti vyetu vinavyomuumiza mgongo. Kisha akauliza hiyo milinganyo ni kitu gani hasa, mpaka imshinde mtu mzima. Nikamwonyesha daftari. Akaiangalia juu chini, akasema inafanana na hirizi. Lakini aliniuliza kila alama maana yake, na nilipokuwa nikimweleza nikagundua moja nimeielewa. Usiku huo shukrani yangu nilimpa yeye. Sikumwambia, atanisumbua.

Nimejiandikisha tena. Novemba hii sina eda, uliimaliza wewe kwa ndoo zako. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa napita barazani saa kumi na nusu, daftari mkononi, si kwenye mfuko. Viatu vya baba yako navivaa kila siku ya kipindi, singoji mtihani, vimeshaanza kuisha upande wa kisigino. Nitavipigisha soli. Benchi la muuza kahawa bado lipo pale chini ya ngazi na bado nalitazama kila nikipanda.

Juzi kituoni aliingia mwanafunzi mpya, mwanamke wa rika langu, amejifunika mtandio mpaka puani asije akajulikana. Akakaa karibu yangu. Akaninong'oneza, "Dada, wewe umefika kidato cha ngapi?"

Nikamjibu kwa sauti, darasa zima lisikie. "Cha pili. Naendelea."

Mama yako,
Zulekha